Spika na hedifoni za majina makubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bei

Kwa kifupi, zina thamani ya bei yake au hazina?

Inategemea unalipia nini. Hedifoni nzuri inayozima kelele, kwa mtu anayepanda ndege au basi la mkoani kila mara, hurudisha pesa yake. Spika ya kubebeka isiyoingia maji na yenye betri ya kweli nayo inaweza kulipa, alimradi iwe halisi. Iyafoni ya waya ya jina kubwa, ya kusikilizia muziki ukiwa umejilaza kitandani, hailipi. Sauti safi imekuwa rahisi mno siku hizi. Kilichobaki ghali ni vile vinavyoizunguka: ukimya, uimara, vipuri, na mtu wa kumrudishia mzigo ukiharibika. Hicho cha mwisho, kwetu huku, mara nyingi hakipo, na bei haishuki kwa sababu hakipo.

Hedifoni ya dola 400 inafikaje dola 400?

Plastiki, sumaku, waya na betri peke yake havifiki huko hata kidogo. Juu yake kuna wahandisi waliolipwa mishahara kabla hata moja haijauzwa, kuna kiwanda, faida ya kampuni, fungu la msambazaji, fungu la duka, na matangazo. Mzigo ukitua Dar es Salaam au Mombasa unabebeshwa nauli, ushuru na VAT: asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya. Ndiyo maana hedifoni iliyouzwa Marekani kwa dola 400 ukiikuta dukani hapa inazidi hapo, wala muuzaji hajakupiga. Akikuuzia chini sana ya hapo, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona hawa wanajitembeza sana?

Kwa sababu sauti haipigiki picha. Kitenge utakigusa, embe utalinusa, lakini hedifoni iliyo ndani ya boksi mnunuzi hana la kufanya zaidi ya kuamini. Kampuni iliyoelewa jambo hilo kuliko zote ni Beats.

Beats ilianzishwa na Dr. Dre na Jimmy Iovine, mmoja mtayarishaji wa muziki wa rap, mwingine bosi wa kampuni ya kurekodi. Hedifoni yao ya kwanza ilitoka 2008, ikitengenezwa kwa kushirikiana na kampuni ya Monster. Mwaka huohuo LeBron James aliwagawia wenzake wa timu ya mpira wa kikapu ya Marekani kabla ya Olimpiki ya Beijing, na wakashuka kwenye ndege wakiwa wamezivaa. Kwenye Olimpiki ya London 2012 kampuni, ambayo haikuwa mdhamini, iliwapelekea wanamichezo wa Uingereza hedifoni zenye rangi za bendera yao. Kamera zikafanya kazi iliyobaki. Mwaka 2014 FIFA ikawazuia wachezaji kuzivaa viwanjani kwenye Kombe la Dunia la Brazil kwa sababu mdhamini alikuwa Sony. Mwaka huohuo NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani iliyokuwa na mkataba na kampuni ya Bose, ikampiga mchezaji Colin Kaepernick faini ya dola 10,000 kwa kuvaa Beats mbele ya waandishi. Marufuku yenyewe ikawa tangazo la bure.

Mwaka huo wa 2014 Apple iliinunua Beats kwa dola bilioni 3, pamoja na huduma yake ya muziki wa mtandaoni. Hakuna anayetoa hela hizo kwa ajili ya sumaku na koni, kile kikombe kinachotikisika kutoa sauti. Zile za mwanzo zilikuwa na besi nzito iliyofunika sauti ya mwimbaji, na wapimaji walilisema hilo wazi. Za sasa ni nzuri zaidi, tena nzuri kwa kweli, lakini sehemu ya unacholipa bado ni ile herufi b iliyo pembeni. Kama unaitaka hiyo b, inunue kwa raha zako. Watu hununua viatu kwa sababu hiyohiyo na hakuna anayewaandikia ukurasa wa maswali.

Kwa hiyo Bose nayo ni matangazo tu?

Hapana, ingawa msemo huo ni wa siku nyingi. Bose ni kisa tofauti kidogo.

Amar Bose alikuwa mwanafunzi wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, aliyenunua seti ya redio mwaka 1956 na kuona haisikiki kama ukumbi wa muziki anaoujua. Akaja kuwa profesa hapohapo, na mwaka 1964 akaanzisha kampuni. Spika iliyompa jina ni 901 ya mwaka 1968: koni tisa ndani ya kasha moja, moja ikitazama mbele na nane zikitazama ukutani, ili sauti ikufikie baada ya kugonga kuta kama inavyokuwa ukumbini. Wengine waliipenda, wengine wakaona vyombo vinapoteza mahali pake. Mwaka 1970 jarida la walaji la Consumer Reports liliandika kwamba sauti za vyombo zilielekea kutangatanga chumbani. Bose ikashitaki. Kesi ikazunguka mahakamani hadi ikafika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1984 majaji sita dhidi ya watatu wakaamua kwamba jarida halikuandika kwa nia ovu. Bose ikashindwa. Kuanzia hapo ndipo Bose ilipobeba sifa ya kampuni inayopenda tangazo kuliko vipimo, na kweli kwa miaka mingi haikuwa ikichapisha takwimu ambazo wenzake huzichapisha.

Lakini angalia upande wa pili. Mwaka 1978, akiwa kwenye ndege akitoka Ulaya, Amar Bose alivaa hedifoni za abiria, akakerwa na ngurumo za injini, akaanza kupiga hesabu za namna ya kuifuta kelele kwa sauti iliyopinduliwa. Hedifoni ya marubani ilitoka 1989, na QuietComfort ya watu wa kawaida mwaka 2000. Hapo katikati ni zaidi ya miaka ishirini ya kulipia kazi ambayo haikuwa imeleta hela kutoka kwa msafiri hata mmoja wa kawaida. Kwa hedifoni ya kuzima kelele, sehemu ya bei ya Bose ni uhandisi halisi. Kwa redio ya mezani na spika ndogo za sebuleni siwezi kusema hivyo kwa ujasiri uleule.

Je, ya bei kubwa husikika vizuri zaidi?

Sio lazima. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha kwenye jarida la jumuiya ya akustika ya Marekani uchambuzi wa hedifoni 283. Alilinganisha jinsi kila moja inavyotoa besi, sauti za kati na sauti nyembamba, kisha akatazama bei. Hakukuta uhusiano. Ya bei chee iliweza kuwa na mwenendo mzuri wa sauti, na ya bei mbaya ikawa na mwenendo wa ajabu.

Kipimo hicho hakigusi kila kitu. Hakikuambii kama kitambaa kinachoma sikio baada ya saa moja, wala kama bawaba itavunjika. Lakini mwenendo huo ndio unaoamua zaidi kama utaipenda sauti, na huo, kumbe, hauuzwi kwa kilo.

Mbona mimi nikiivaa dukani naisikia tofauti kabisa?

Unaisikia kweli, sio kwamba unajidanganya. Swali ni tofauti hiyo inatoka wapi.

Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa wakifanya kazi kampuni ya Harman, waliwaweka watu 40 wasikilize spika nne. Kuna walipozisikiliza zikiwa nyuma ya pazia, na kuna walipozisikiliza wakiziona. Walipoziona, alama zikabadilika: spika kubwa za kupendeza zikapanda, na seti ndogo ya bei nafuu iliyokuwa imefanya vizuri gizani ikashuka. Masikio ni yaleyale, spika zilezile. Kumbuka pia kwamba wasikilizaji walikuwa wafanyakazi wa kampuni yenyewe ya spika, watu ambao ungedhani hawadanganyiki kwa macho.

Dukani kuna mtego mwingine ulio rahisi zaidi: ukubwa wa sauti. Vifaa viwili vikiwa sawa, kile kinacholia juu kidogo huonekana bora. Muuzaji mzoefu anajua, na ile anayotaka uchukue haipigi kwa sauti ya chini.

Njia ya kujikinga ni kwenda na simu yako mwenyewe na wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji. Weka sauti zilingane kadiri uwezavyo, kisha uzibadilishe harakaharaka. Mimi hupenda muziki wa dansi wa zamani kwa kazi hii. Pana gitaa la solo, la rithimu na la besi, na yote matatu hucheza kwa wakati mmoja. Fuata gitaa la rithimu peke yake tangu mwanzo wa wimbo hadi sebene. Likikupotea kila besi inapoingia, hiyo hedifoni ina besi iliyovimba, hata kama imekusisimua dakika ya kwanza. Taarabu yenye ganuni nayo haina huruma: kila uzi uliodonolewa usikike na mwanzo wake, usiwe tope. Wimbo mpya wenye ngoma za kompyuta na besi ya kutikisa dirisha hukuficha makosa mengi, ndiyo maana ndio unaopigwa dukani.

Sabufa yangu imeandikwa 12,000W. Spika ya kubebeka ya JBL Charge 5 imeandikwa 40W tu. Nani anadanganya?

Sabufa. Au tuseme boksi lake.

Namba ile kubwa huandikwa kwa kipimo kinachoitwa PMPO, na PMPO haina kanuni moja inayokubalika popote. Kila kiwanda hujipangia. Namba yenye maana ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo bila kuungua. Zile 40 za Charge 5 ni RMS, 30 za koni kubwa na 10 za ile ndogo ya sauti nyembamba.

Huhitaji kuwa fundi kulithibitisha. Geuza sabufa, soma kibandiko cha nyuma, pale penye volti 220 hadi 240. Utakuta mstari unaosema inakula umeme kiasi gani, na kwenye sabufa nyingi za sebuleni ni makumi ya wati, ikizidi sana mia na kitu. Chombo hakiwezi kutoa nguvu kuliko inayoingia. Plagi yenyewe ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 2,990, ukivuka kwa muda inakatika. Kwa wati 12,000 ungehitaji ampea 52. Na kama kweli ingekuwa inakula hivyo, sherehe ya saa moja ingemeza uniti 12 za LUKU. Wenye nyumba wangeshajua.

Sasa, haki itendeke. Sabufa ya wati 60 za kweli, yenye kasha kubwa la mbao na koni ya inchi nane, itaisukuma hewa ya sebule kuliko Charge 5, na bei yake ni ndogo. Ukitaka kishindo ndani ya nyumba kwa hela kidogo, sabufa ya Kariakoo au ya Luthuli pale Nairobi inashinda karibu kila spika ndogo ya jina kubwa. Haitakuwa na ustaarabu kwenye sauti ya mwimbaji, na kwenye sauti ya juu kabisa itaanza kukoroma. Ila kwa lengo hilo, kununua jina ni kupoteza.

Na usihangaike sana na tofauti ndogo za wati. Ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji nguvu takribani mara kumi. Kutoka wati 40 kwenda 50 hutaitambua.

Nitajuaje JBL feki?

Hili ndilo swali linalopaswa kuulizwa kabla ya lile la thamani, maana huku kwetu watu wengi wanaosema jina fulani halina lolote hawajawahi kulishika lile halisi.

Anza na vitundu. Flip, Charge na Boombox halisi hazina redio ya FM wala pa kuchomeka memori kadi. Ukikuta memori kadi, mazungumzo yameisha. Muuzaji hukisifia kitundu hicho kama nyongeza, "hii inakula hadi kadi, kaka", na mnunuzi anaona amepata zaidi.

Kisha uzito. Charge 5 ina kilo 0.96. Feki nyingi ni nyepesi kama boksi la viberiti, ingawa walio wajanja hubandika kipande cha chuma ndani kwa gundi ili mkono usistuke. Ukiifungua ya namna hiyo unakuta betri moja nyembamba ya kuzeeka upesi, ubao mdogo wa saketi, waya wa kuhesabika, na lile chuma limelala pembeni halina kazi. Zile ngozi mbili za ubavuni zinazotakiwa kusukumwa na besi, nyingine zimegundishwa kama pambo. Ukiigusa halisi ikiwa inalia, unaziona zikiingia na kutoka.

Kisha programu. Pakua ile ya JBL kwenye simu yako palepale dukani, unganisha spika kwa Bluetooth, tazama kama programu inaitambua kwa jina la toleo lake na kukuonyesha chaji. Feki huunganishwa na simu bila shida lakini programu haiioni. Jaribio hili ni la dakika tatu na ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu boksi, stika na hata namba ya siri iliyochapwa chini hunakiliwa kirahisi.

Muuzaji akikuambia "hii kopi ya daraja la kwanza", mshukuru, amesema kweli. Lipa bei ya kopi au ondoka. Tatizo ni yule anayekuuzia kopi kwa bei ya halisi iliyopunguzwa kidogo. Kwenye hedifoni za Beats na kwenye AirPods mchezo ni huohuo, na feki za AirPods zimefika mahali simu ya iPhone yenyewe inaweza kuzikaribisha kwa ile picha ya kuchomoza. Hapo nenda kwenye mipangilio ya Bluetooth, uone kama mfumo unakuonya kwamba kifaa hakikuthibitishwa.

Kaka yangu yuko Dubai, ni nafuu nikimwagiza?

Nafuu kwenye bei, ndiyo, na uwezekano wa kupata halisi ni mkubwa akinunua duka rasmi na sio mabanda. Ila uliza habari ya waranti kabla hajatoa hela. Waranti za kampuni nyingi hufungwa kwenye nchi au eneo ilikouzwa bidhaa. Iliyonunuliwa Dubai au Muscat itatengenezwa hukohuko, na kuirudisha kwa mtu anayesafiri kunaweza kuchukua miezi. Ukipiga hesabu, tofauti ya bei ndiyo bima yako mwenyewe. Kama unaiona ndogo, nunua hapa kwa muuzaji mwenye risiti ya EFD na anuani isiyohama, na umwambie aandike muda wa waranti kwenye risiti hiyo.

Ni kweli majina mengi ni ya mwenye mali mmoja?

Kweli, na inafaa kujua kabla hujabishana na rafiki yako kuhusu jina lipi ni bora. JBL, AKG, Harman Kardon, Infinity na Mark Levinson zote ziko chini ya Harman. Harman ilinunuliwa na Samsung kwa dola bilioni 8 mwaka 2017. Mwaka 2025 Harman ikachukua Bowers & Wilkins, Denon, Marantz na Polk kwa dola milioni 350. Beats ni ya Apple. Sennheiser ya hedifoni za watu wa kawaida ilichukuliwa mwaka 2022 na Sonova ya Uswisi, kampuni ya visaidizi vya kusikia. Bose nayo mwaka 2024 ilinunua kundi la McIntosh, lile la amplifaya zenye mita za bluu.

Wapenzi wa Subaru wanaoagiza kutoka Japani wanaijua McIntosh kwa njia nyingine: baadhi ya Legacy za miaka ya 2000 zilikuja na redio yenye jina hilo. Jina la spika kwenye mlango wa gari la mtumba lisikuongezee bei, lakini. Koni za karatasi zilizokaa kwenye joto na vumbi miaka kumi na tano hazijali ziliandikwa nini. Washa, sikiliza kila mlango.

Bang & Olufsen ya Denmark, iliyoanza 1925, ni jina lililobaki peke yake kwa muda mrefu. Pale unalipia alumini na umbo, na wenyewe hawafichi. Ni samani inayoimba.

Kuzima kelele kunafanya kazi huku kwetu au ni kwa ajili ya ndege?

Kunafanya kazi, ila kwa kelele ya aina fulani. Kipaza sauti kidogo nje ya hedifoni husikiliza, na saketi hutoa wimbi lililopinduliwa. Ngurumo ya chini inayoendelea bila kubadilika hufutika vizuri: jenereta ya jirani, injini ya basi, feni, kiyoyozi. Sauti ya ghafla au nyembamba haifutiki hivyo. Honi ya bodaboda utaisikia, mtoto akilia utamsikia, na konda atakupata tu.

Hapa ndipo majina makubwa, Sony na Bose hasa, wameongoza kwa muda mrefu, na pengo linazidi kupungua. Soundcore ya Anker inakupa sehemu kubwa ya ukimya huo kwa bei iliyo robo au theluthi. Oraimo, jina la Transsion walewale wa Tecno, Infinix na Itel, nalo lina iyafoni zinazozima kelele, na faida yake kubwa ni kwamba maduka yake yako hadi miji midogo, kwa hiyo mtu wa kumrudishia yupo. Kwa mtu wa Songea au Kisumu jambo hilo lina uzito kuliko tofauti ndogo ya ukimya.

Faida moja haitajwi sana. Ukizima kelele ya nje huna haja ya kupandisha muziki. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitaja kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ndani ya basi lenye injini mbele watu hupita hapo bila kujua.

Ukiwa juu ya bodaboda au unavuka barabara, zivue.

LDAC, sauti ya ubora wa juu, na kadhalika?

LDAC ni njia ya kupitisha sauti ya ubora wa juu kwa Bluetooth. Ziweke zote mwisho wa orodha. iPhone haiungi mkono LDAC kabisa, kwa hiyo mwenye iPhone anayeilipia haitumii. Muziki wako ukitoka YouTube au faili la WhatsApp, hakuna hedifoni itakayourudishia kilichokwishakatwa.

Nina bajeti ndogo na nataka sauti tu, sio jina. Ninunue nini?

Rudi kwenye waya. Iyafoni za waya kutoka China za majina kama KZ na Moondrop zinapatikana kwa dola 20 hivi, na baadhi zinazipita kwa usafi wa sauti zile zisizo na waya za dola mia na zaidi. Simu isiyo na tundu utainunulia kiunganishi kidogo cha USB-C. Kama unarekodi, unachanganya muziki au unahariri video, Sony MDR-7506 ipo tangu 1991 na imebaki studioni kwa sababu mafundi wanayajua makosa yake yote. Koss Porta Pro ya 1984 bado inatengenezwa, ina sura ya kizamani kabisa, na inasikika vizuri kuliko inavyostahili kwa umbo lile. Kwa chumba chenye utulivu Sennheiser HD 600 ya 1997 ndiyo ambayo mashabiki bado huitumia kupimia nyingine, ila ni ya wazi, mwenzako kitandani atausikia wimbo wote.

Hakuna hata moja kati ya hizo utakayoiona kwenye bango la barabarani.

Tunataka spika za kanisa, za msikiti au za ukumbi. Tuchukue hizi za kubebeka zenye jina?

Hapana. Tafuteni spika za kazi hiyo na fundi wa kuzifunga. Jina la spika ya sherehe halitibu mwangwi wa bati na kuta tupu. Pazia, mazulia na mahali mnapozitundika vitasaidia kuliko kuongeza hela kwenye jina.

Kununua ya mtumba je?

Hedifoni ya waya, ndiyo, bila hofu. Spika ya sebuleni isiyo na betri, ndiyo, baada ya kuangalia ule mpira unaoizunguka koni kama haujaanza kumomonyoka, kwa sababu wa sponji hubadilika kuwa unga kwenye joto letu la pwani. Iyafoni ndogo zisizo na waya, hapana. Betri zake zimefungiwa ndani kwa gundi na hazibadilishwi kirahisi, na ile inayokaa na chaji saa tano ikiwa mpya hukupa moja na nusu. Spika ya kubebeka iko katikati. Iache ilie mbele yako kwa nusu saa kwa sauti ya juu, uone asilimia ya chaji inavyoshuka.

Hedifoni yangu ya bei mbaya imeanza kuchubuka kwenye mito ya masikioni. Ndio mwisho wake?

Huo ni mwanzo wa umri wa kati. Ngozi ya bandia hubanduka kwa jasho na joto, iwe ya dola 30 au ya 500. Mito ya kubadilisha inauzwa kwa toleo, na kwenye nyingi huchomoka kwa kidole au kwa kuzungusha. Chukua yenye unene na tundu lile lile la ya mwanzo. Ukichagua nene zaidi ili iwe laini, koni inakaa mbali na sikio na besi inabadilika. Kabla ya kununua jozi mpya ya bei kubwa, tafuta kwanza kama mito ya toleo hilo inapatikana peke yake. Kama haipatikani popote, toleo hilo liache dukani.